Ramani ya Njia za Matatu

Mlima hauondoki mahali pake, na mto huhama kwa nadra. Kwa sababu hiyo mtu aliyechora ramani ya milima na mito aweza kuweka kalamu chini akapumzika, na mjukuu wake akaitumia ramani ile ile bila ya kupotea. Ramani ya njia za magari ya abiria haina bahati hiyo. Gari hufuata watu, watu hufuata kazi, na kazi hufuata mambo mengi yasiyotulia. Leo kituo kiko mbele ya soko. Kesho soko limehamishwa, na kituo kimelifuata. Ramani iliyosema kweli mwaka jana yaweza kusema uongo mwaka huu, ingawa hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Katika insha hii nataka kueleza jinsi njia za matatu za Nairobi, ambazo kwa miaka mingi zilikaa katika vichwa vya watu tu, zilivyopata kuandikwa katika ramani; na kwa nini kazi ya kuisahihisha ramani hiyo yastahili heshima kubwa kuliko kazi ya kuichora mara ya kwanza.

Yafaa tuanze na magari yenyewe. Mwaka 1934 kampuni moja ya London ilianza kuendesha mabasi ya abiria katika barabara za Nairobi. Mabasi yalikuwa 13, na njia zake 12. Huduma hiyo ikajulikana kwa jina la Kenya Bus Service, na kila njia yake ikapewa namba. Mwaka 1966, mji ulipokuwa umekwisha kuwa mkuu wa nchi huru, Baraza la Jiji liliipa kampuni hiyo haki ya peke yake ya kubeba abiria. Katika karatasi jambo lilikuwa limekamilika. Lakini mji haukukaa kungoja karatasi. Watu walitoka mashambani kuja kutafuta kazi, wakapanga na kujenga mahali ambapo basi halikufika, na kila asubuhi walikuwa na miguu yao tu ya kuwapeleka kazini.

Katika pengo hilo ziliingia matatu. Zilikuwa gari kuukuu za watu binafsi, na nauli yake ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Jina la matatu latokana na hesabu hiyo. Mwanzoni zilifanya kazi kwa kujificha, kwa kuwa hazikuwa na ruhusa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa tamko lililoziruhusu kubeba abiria bila ya leseni zilizotakiwa kwa mabasi. Mwaka 1984 sheria ilibadilishwa, zikatakiwa ziwe na leseni na zikaguliwe. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni zilizoletwa na Waziri wa Uchukuzi, John Michuki: kila gari liwe na kidhibiti mwendo na mikanda ya viti, lipakwe mstari wa manjano ubavuni, na njia yake ionyeshwe wazi. Hivyo njia iliandikwa juu ya gari kwa nguvu ya sheria. Juu ya ramani haikuwa imeandikwa bado.

Matatu zilirithi namba nyingi za mabasi yaliyozitangulia. Mkazi wa Nairobi husikia namba 46 akafikiri Kawangware. Husikia 58 akafikiri Buruburu. 111 ni Ngong, 125 ni Rongai, na 237 ni Thika. Namba hizi ziliingia katika usemi wa watu hata zikawa kama majina ya ukoo. Lakini hapakuwa na mtu mmoja aliyezijua zote. Dereva wa Kawangware aliijua njia ya Kawangware, kona kwa kona, pamoja na vichochoro vya kukwepea msongamano. Ukimwuliza habari za Embakasi, alikuelekeza kwa dereva mwenziwe. Elimu ilikuwapo, tena ilikuwa nyingi, lakini ilitawanyika kama shanga zilizokatika uzi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na abiria wa Nairobi ameishi kwa methali hiyo. Lakini kuuliza kuna gharama yake. Manamba anayelipwa kwa kujaza gari hana sababu kubwa ya kukwambia kwamba gari la mwenziwe litakufikisha upesi zaidi. Mgeni aliyefika usiku hapati wa kumwuliza. Kiziwi huuliza kwa shida na hujibiwa kwa shida. Mama aliyebeba mtoto mgonjwa hana wakati wa kuuliza watu watatu ili apate majibu mawili yanayopatana. Mji ambao njia zake hazikuandikwa huwatoza wanyonge wake kodi isiyotajwa katika sheria yoyote, na kodi hiyo hulipwa kwa muda, kwa hofu na kwa nauli ya mara ya pili.

Sasa hatuna budi kuondoka Nairobi kidogo ili tuone mahali ilipotoka ramani ambayo watu wa kawaida waweza kuichora wenyewe. Mwezi wa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuupunguza kwa makusudi usahihi wa ishara za satelaiti zake za GPS kwa watumiaji wa kawaida. Kabla ya siku hiyo, kifaa mkononi mwa raia kiliweza kukosea mahali alipo kwa kiasi cha meta 100. Baada yake, kosa lilishuka hata meta kumi au ishirini. Kwa mara ya kwanza mtu asiye mpima ardhi aliweza kutembea barabarani, na njia yake ikabaki imeandikwa kwa usahihi wa kutosha kuchorea ramani. Mwaka 2004, katika Uingereza, kijana mmoja aitwaye Steve Coast alianzisha ramani ya dunia katika mtandao wa intaneti, akaiita OpenStreetMap. Ramani bora za nchi yake zilikuwa mali ya idara ya serikali, na kuzitumia kulikuwa na bei. Ramani yake mpya ilikuwa ya kila mtu: yeyote aliweza kuongeza barabara aijuayo, na yeyote aliweza kuitumia bila malipo. Watu wa kujitolea wakapanda baiskeli zao, wakazunguka mitaa, wakarudi nyumbani kuchora walichokiona. Haba na haba hujaza kibaba. Leo ramani hiyo imeenea ulimwengu mzima.

Nairobi ilifikiwa na kazi hii mapema. Mwaka 2009 kikundi cha vijana wa Kibera, katika mradi ulioitwa Map Kibera, kilichukua vifaa vya GPS kikapita katika vijia vya mtaa wao. Katika ramani nyingi za wakati huo mahali pa Kibera palikuwa kama patupu, ingawa waliishi hapo watu maelfu kwa maelfu. Vijana hao waliandika visima, zahanati, shule, vyoo na makanisa. Somo walilolitoa lilikuwa fupi na zito: mahali pasipoandikwa husahauliwa na wenye kugawa maji, taa na barabara, na mkazi wa mahali ndiye shahidi bora wa mahali pake.

Baada ya mitaa, ikafika zamu ya magari. Kati ya mwaka 2012 na 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia, pamoja na kampuni ndogo iliyoitwa Groupshot, katika kazi iliyopewa jina la Digital Matatus. Miongoni mwa wataalamu walioiongoza walikuwa Peter Waiganjo Wagacha wa Nairobi, Sarah Williams wa MIT na Jacqueline Klopp wa Columbia. Wataalamu walipanga, lakini waliochoka miguu walikuwa wanafunzi. Wanafunzi wa Nairobi walipanda matatu moja baada ya nyingine, simu za mkononi zikiwa wazi mikononi mwao, wakaenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Kila gari liliposimama waliandika jina la mahali na alama yake. Kazi hii haikuwa na fahari. Ilikuwa ya vumbi, jua, muziki wa kishindo na msongamano wa jioni. Lakini ilipokwisha, njia zaidi ya 130 zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja kwa mara ya kwanza.

Ugumu mwingine ulikuwa wa maandishi yenyewe. Mwaka 2005 shirika la usafiri la mji wa Portland katika Marekani, pamoja na kampuni ya Google, lilibuni utaratibu wa kuandika habari za mabasi ili kompyuta ziweze kuzisoma. Utaratibu huo, unaoitwa GTFS, ulifikiri kwamba kila basi lina saa ya kuondoka na kituo kilichopangwa. Matatu haina saa ya kuondoka, huondoka inapojaa. Tena husimama panapokubaliwa na panapokatazwa, maadamu kuna mkono wa abiria uliopungwa. Wachoraji wa Nairobi hawakuona aibu kwa sababu mji wao haukufanana na Portland. Walitafuta namna ya kuupanua utaratibu ule, hata ukaweza kueleza gari lisilo na ratiba na kituo kisicho na kibao.

Mwezi wa Januari 2014 ramani ya karatasi ilitolewa, yenye mistari ya rangi mbalimbali mfano wa ramani za reli za chini ya ardhi katika miji mikubwa ya ng'ambo. Wenye matatu na madereva walioiona waliijadili na kuikosoa, kwa kuwa kila mmoja aliijua sehemu yake. Tena waliona jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona akiwa ndani ya gari moja: karibu njia zote zilikwenda katikati ya jiji. Mtu wa mtaa mmoja wa pembeni aliyetaka kwenda mtaa mwingine wa pembeni alilazimika kuingia mjini kwanza, kisha kutoka tena, na kulipa nauli mbili. Kila abiria aliyajua mashaka hayo katika mwili wake. Ramani iliyaonyesha kuwa ni mashaka ya mji mzima. Habari zilizokusanywa ziliachwa huru kwa kila mtu, zikatumiwa katika programu za simu, na mwaka 2015 njia za matatu za Nairobi zikaanza kuonekana katika ramani za Google.

Hadithi nyingi za ramani huishia hapo, kwa shangwe. Lakini hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Mradi wa utafiti una siku yake ya kwanza na siku yake ya mwisho, mji hauna. Wanafunzi waliopanda matatu mwaka 2013 walihitimu wakaenda zao, na matatu zikaendelea kugeuza njia bila ya kuwaarifu. Barabara ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa mwezi wa Novemba 2012, ilibadilisha mahali pa kupandia na kushukia kwa urefu wake wote. Miaka michache baadaye ilijengwa barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo hata Westlands, iliyofunguliwa kwa magari mwaka 2022. Wakati wa kuijenga, pembezoni mwa barabara ya Mombasa, mahali ambapo abiria walizoea kusimama pakawa na mashimo, nguzo na uzio wa mabati. Ramani ya mwaka 2014 haikuwa na kosa, ilikuwa imezeeka.

Kuna mabadiliko mengine yanayokuja kwa amri na kuondoka kwa amri. Tarehe 3 Desemba 2018 Kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Siku hiyo umati wa watu ulishushwa mbali ukaenda kwa miguu, wenye nguvu na wasio na nguvu. Kilio kikawa kikubwa, na amri ikasimamishwa upesi. Hebu msomaji ajiulize: mchoraji wa kujitolea alipaswa kufanya nini asubuhi ile? Kama angefuta vituo vyote vya katikati ya jiji, angelazimika kuvirudisha mara. Kama angenyamaza, na amri ikadumu, ramani yake ingempeleka mgeni mahali pasipo na gari. Kusahihisha kwahitaji macho mepesi na mkono mzito: kuona upesi, na kuandika baada ya kuhakikisha.

Namna ya kusahihisha katika OpenStreetMap yafaa kuelezwa, maana si siri ya mabingwa. Ramani hiyo imejengwa kwa vitu vitatu: nukta, mstari na uhusiano. Nukta yaweza kuwa kituo. Mstari waweza kuwa kipande cha barabara. Uhusiano ni kama daftari linaloorodhesha, kwa mfuatano, nukta na mistari ambayo kwa pamoja ni njia moja ya gari, pamoja na namba yake, mwanzo wake na mwisho wake. Kwenda na kurudi huandikwa mbalimbali, kwa kuwa gari haliwezi kurudi kwa barabara inayoruhusu upande mmoja tu. Mnyororo huu hukatika kwa urahisi. Mtu mwingine, kwa nia njema, aweza kuchora mzunguko mpya wa barabara akafuta kipande cha zamani. Papo hapo njia ya matatu iliyopita juu yake hubaki na pengo, na programu ya simu haiwezi tena kumwongoza abiria kutoka upande huu hata upande wa pili. Hapana budi awepo mtu wa kupita nyuma na kuunga kilichokatika.

Wapo wanaodhani kwamba satelaiti zitafanya kazi hii zenyewe. Ni kweli kwamba picha ya kutoka angani huonyesha barabara, mapaa ya nyumba, na pengine gari lenyewe likiwa barabarani. Lakini haionyeshi kwamba gari hilo ni la namba 46, wala kwamba hugeuka hapa siku za kazi, wala kwamba abiria hupaita mahali hapo kwa jina la duka lililofungwa zamani. Habari hizi hupatikana kwa mtu aliyekuwapo, aliyepanda, aliyelipa nauli na aliyefungua macho. Wala si halali kuzinakili kutoka katika ramani nyingine yenye mwenyewe. Mchoraji hutakiwa aandike alichokijua kwa njia ya haki.

Mara nyingine mchoraji hukuta mashahidi wawili wanaopingana. Leseni yasema gari lipite barabara kuu. Macho yasema magari hupita njia ya nyuma, ama kwa kukwepa msongamano, ama kwa kukwepa askari. Aandike lipi? Desturi ya ramani hii ni kuandika kilichopo ardhini. Wengine hulalamika kwamba kufanya hivyo ni kuhalalisha ukaidi wa madereva. Lalamiko hilo lina uzito wake, lakini ramani si hakimu. Abiria aliyesimama barabara kuu akingoja gari lisilopita hapo hasaidiwi na leseni. Na mkuu anayetaka kurekebisha njia hawezi kuirekebisha kabla ya kuijua ilivyo. Kweli hutangulia, matengenezo hufuata.

Twaona basi kwamba mchoraji wa njia na mwandishi wa historia ni ndugu. Wote wawili huulizwa maswali yale yale: umejuaje, ulikuwapo lini, na nani mwingine aliyeona? OpenStreetMap huyahifadhi majibu. Kila badiliko hubaki na tarehe yake, jina alilojichagulia aliyelifanya, na maneno machache ya kueleza sababu. Na hali ya kitu kabla ya badiliko haipotei. Mtu akiharibu kwa ujinga au kwa ubaya, mwingine aweza kurudisha kilichokuwapo. Mlango uko wazi kwa kila mtu, mwema na mbaya, na ulinzi wake ni wingi wa macho ya wema. Wema wakichoka kutazama, mlango ule ule huwa hatari.

Jambo hili ladhuru nani likiachwa? Halimdhuru mwenye gari lake mwenyewe, wala dereva aliyeizoea njia yake miaka ishirini. Ladhuru mtu aliyeiamini ramani kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini: kijana aliyekuja mjini kufanya mtihani, mzee anayetafuta hospitali, mfanyakazi aliyepata kazi mpya upande wa mji asioujua. Ramani mbovu ni mbaya kuliko kukosa ramani. Asiyekuwa na ramani huuliza. Mwenye ramani mbovu huenda kwa ujasiri mpaka mahali asipopaswa kwenda.

Enyi wanafunzi mtakaosoma maneno haya, wengi wenu hupanda matatu au basi kila siku ya shule. Mnayajua mambo ambayo mabingwa wa mbali hawayajui: kituo kilichohamishwa muhula uliopita, jina jipya la mahali pa zamani, njia iliyokufa na njia iliyozaliwa. Elimu hiyo mwaiona ndogo kwa sababu mmeipata bila ya jasho. Si ndogo. Uchoraji wa kwanza hupigiwa makofi na kuandikwa katika magazeti. Anayesahihisha jina la kituo kimoja jioni ya Jumatano hapigiwi makofi na mtu. Hata hivyo, asubuhi ya Alhamisi abiria asiyemjua atashuka mahali panapostahili, atavuka barabara, na atafika kwa wakati.